Filta ya kilele kwa CW (Morse) dhaifu: nikichanganya na sauti ghafi, kilele kinapotea

Mita_Arobaini aliuliza:

Wakuu habari zenu. Naomba mnitazamie saketi hii, maana hesabu inakubali lakini masikio yanakataa.

Kipokezi ni cha ubadilishaji wa moja kwa moja kwa bendi ya mita 40: mikisa SA612, transista moja ya kukuza sauti ya awali, kisha LM386 na hedifoni. Umeme ni volti 12. Kati ya transista na poti ya sauti nimeingiza filta ya opampu, nusu moja ya TL072. Sauti inaingia kupitia R1 ya 82k mpaka kwenye kifundo. Kutoka kifundoni R2 ya 1.6k inashuka ardhini. Kapasita moja ya nF 10 inatoka kifundoni kwenda kwenye toleo la opampu, ya pili inakwenda kwenye mguu hasi. R3 ya 330k inaunganisha toleo na mguu hasi. Mguu chanya umekaa kwenye nusu ya volteji. Kapasita ni zile diski za kauri za rangi ya udongo, zimeandikwa 103.

Filta ikiwa peke yake, kilele kipo na Morse inachomoza vizuri. Ila kusikiliza filta tupu kunachosha, na stesheni nyingine ikiita pembeni huijui. Kwa hiyo nimeweka poti ya 10k: ncha moja inachukua sauti ghafi kutoka kwenye transista, ncha nyingine inachukua toleo la filta kupitia kapasita ya µF 1, na mguu wa kati unakwenda LM386.

1. Poti ikiwa katikati, kilele hakipo kabisa, ni kama filta haijawashwa. Nikiirudisha kidogo upande wa sauti ghafi, mlio wa Morse unazama na kelele zinabaki. Kwa nini?
2. Kilele nilikikokotoa kiwe 700 Hz. Kipo 770, na kinatembea.
3. Nikitaka upana wa 30 Hz kwa stesheni dhaifu sana, nibadilishe R3 iwe 1M?

---

Fundi_Opampu alijibu:

Swali la kwanza lina jibu zuri kwelikweli, na waya zako hazina kosa. Umejenga filta ya kupitisha yote bila kujua.

Muundo huo unapindua fezi: penye kilele toleo limegeuka nyuzi 180, yaani wimbi likipanda mlangoni, linashuka kwenye toleo. Ukuzaji wake penye kilele ni R3 ikigawanywa kwa R1 mara mbili, yaani 330 ÷ 164, ambayo ni 2. Sasa poti ikiwa katikati unajumlisha sauti ghafi yenye ukubwa 1 na toleo la filta lenye ukubwa 2 lililopinduliwa. Moja toa mbili ni hasi moja. Nje ya kilele filta haitoi kitu, inabaki sauti ghafi, chanya moja. Ukubwa ni uleule kila mahali, kilichobadilika ni fezi tu, na sikio halisikii fezi ya namna hiyo. Na sadfa imekukamata hasa: kwa ukuzaji wa 2 kamili, ukubwa unabaki sawa hata katikati ya mteremko, kwenye kila masafa. Ungekuwa na ukuzaji wa 3 au 1.5 ungesikia mabaki ya kilele au shimo, ukashtuka mapema.

Ule mlio unaozama nao unatoka kwenye hesabu hiyohiyo. Poti ikiwa theluthi moja kutoka upande wa sauti ghafi, una theluthi mbili za ghafi, na theluthi moja ya filta mara 2, ambayo nayo ni theluthi mbili, lakini imepinduliwa. Zinafutana. Hapo umepata filta ya kukata, iliyokaa juu kabisa ya stesheni unayoitaka. Kiutendaji shimo halitakuwa kwenye theluthi kamili kwa sababu transista yako haitoi sauti kwa ukinzani wa sifuri, ila litakuwa karibu na hapo.

Dawa ziko mbili, na zote zinatumia ile nusu ya TL072 uliyoiacha.

Ya kwanza: igeuze nusu ya pili iwe hatua nyingine ya filta, vipimo vilevile, na poti ichukue toleo la hatua ya pili. Mapinduzi mawili yanarudisha fezi mahali pake. Ukuzaji wa jumla ni 4, kwa hiyo poti ikiwa katikati kilele ni 1 + 4 = 5 dhidi ya 1 ya pembeni, yaani desibeli 14 juu ya sauti ya nyuma. Kwa kama 130 Hz kila upande wa kilele utaona bonde la desibeli 3, kwa sababu kwenye miteremko fezi inapinduka tena. Bonde hilo halidhuru. Kwa kweli linasaidia mlio uchomoze. Upana wa hatua mbili pamoja unashuka kutoka 96 Hz hadi 62 Hz.

Ya pili: baki na hatua moja, nusu ya pili iwe kipinduzi cha sauti ghafi, rezista mbili za 47k, mguu chanya kwenye nusu ya volteji, kapasita ya µF 1 mlangoni na nyingine kwenye toleo kabla ya poti. Kilele ni 3 dhidi ya 1, desibeli 9.5. Upana unabaki 96 Hz na mwangwi ni mdogo. Kwa anayepokea maneno 25 kwa dakika na zaidi ningechagua hii.

Hatua ya pili haihitaji kapasita ya kuitenga na ya kwanza. Volti 6 za toleo la kwanza zinapita 82k na kugawanywa na 1.6k, kifundoni inabaki kama volti 0.1 tu, na kapasita za filta zenyewe zinaizuia isifike kwenye opampu. R2 iendelee kwenda ardhini moja kwa moja kama ulivyofanya. Wengi huipeleka kwenye nusu ya volteji, halafu pale pana kapasita ya µF 1 tu. Kwa 700 Hz hiyo ni kama ohmu 227 zinazojiongeza juu ya R2, na hatua zote mbili zinaanza kuongea kupitia hapo. Nusu ya volteji itengenezwe kwa 10k mbili na µF 100.

---

Lehemu_Safi alijibu:

Namba 2 ni kapasita, hakuna mchawi. Diski ya 103 ya kauri ya bei rahisi inaruhusiwa kupungua asilimia 20 na kuzidi hata 80. Kilele chako kiko 770 badala ya 700, maana yake kapasita zako kwa wastani ni nF 9.1. Na kauri hiyo inabadilika kwa joto. Sogeza ncha ya chuma cha kulehemu karibu na diski bila kuigusa, huku mlio wa 770 ukiendelea kuingia: utasikia ukififia, kwa sababu kilele kimeuhama.

Zitoe. Weka za poliesta, zile bapa za kijani zenye maandishi 2A103J: volti 100, nF 10, asilimia 5. Za kauri aina ya C0G pia ni nzuri ukizipata kwa nF 10. Hata hivyo asilimia 5 ya kapasita ni asilimia 5 ya masafa, yaani 35 Hz, na kwenye filta ya 62 Hz hiyo inakutoa nje ya kilele. Kwa hiyo R2 isiwe rezista moja: weka 1.2k mfululizo na poti ya bisibisi ya 1k. Inakupa kuanzia 600 hadi 805 Hz.

Uzuri wa muundo huu ni kwamba R2 inasogeza masafa peke yake. Upana unaamuliwa na R3 na kapasita, ukuzaji na R3 na R1. Unazungusha bisibisi na hakuna kingine kinachoguswa.

Kurekebisha: programu ya simu ya kutoa milio, waya kutoka kwenye tundu la hedifoni la simu, kigawanyi cha 10k na 100 ili usizidishe, kisha mlangoni mwa filta. Mita ya volti za AC kwenye toleo. Mita nyingi za kawaida zinasoma 700 Hz bila shida. Za bei ya chini kabisa huanza kudanganya juu ya 400 Hz, lakini wewe unatafuta kilele, huhitaji thamani halisi. Hatua ya kwanza peke yake kwanza, kisha ya pili peke yake. Ukizirekebisha zote pamoja utajikuta na vilele viwili vilivyoachana kwa 40 Hz na utadhani una filta pana nzuri, kumbe umepoteza ukuzaji katikati.

---

Kistari_Kirefu alijibu:

Naongeza kwenye mambo mawili ambayo hukuuliza lakini yatakusumbua kesho.

Acha 700 Hz. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mvumo wa kigeuzi chenye dayodi nne ni 100 Hz na vizidisho vyake: 200, 300 … 600, 700, 800. Kipokezi cha ubadilishaji wa moja kwa moja kina ukuzaji mkubwa sana wa sauti, hata mvumo mdogo unaingia. Filta yenye kilele cha 700 inauchukua ule mvumo wa saba na kuufanya mlio safi, usiokoma, unaofanana kabisa na mtu aliyekalia ufunguo. Weka kilele 650, katikati ya 600 na 700. Kwa hatua mbili unapata kama desibeli 6 za kuukandamiza kila upande. R2 kwa 650 Hz ni kama ohmu 1,860, bado iko ndani ya bisibisi uliyopewa hapo juu. Betri ya volti 12 inamaliza habari hii kabisa, ila si kila mtu anasikiliza kwa betri.

Kama una kirusha mawimbi pamoja na kipokezi hicho, mlio wa kujisikiliza nao uhamie 650, na tofauti ya masafa kati ya kutuma na kupokea iwe 650. Hivi vitatu vikiachana, utaipandisha stesheni kwenye kilele, uitikie, na mawimbi yako yaangukie 50 au 100 Hz pembeni. Naye akiwa na filta nyembamba kama yako hatakusikia, na wewe utalaumu antena.

Jambo la pili: kipokezi chako kinasikia pande mbili za sifuri. Stesheni iliyo 650 Hz juu ya oskileta na iliyo 650 Hz chini zinatoka na mlio mmoja. Filta ya sauti haiwezi kuzitenganisha, hata iwe nyembamba kiasi gani. Zikigongana, vuka sifuri uipokee stesheni yako kwa upande wa pili. Mara nyingi yule msumbufu anaangukia mlio mwingine na filta inamkata.

Kwa wenye superheti (vipokezi vinavyohamisha masafa kwanza na kuchuja kwa kristali) wanaosoma hapa, ninyi mna tatizo tofauti. Stesheni yenye nguvu ikiwa ndani ya filta ya kristali lakini nje ya filta ya sauti, huisikii, ila AGC (kidhibiti cha ukuzaji kinachojiendesha) inaiona na inashusha ukuzaji. Stesheni yako dhaifu inazama na kuibuka kwa mwendo wa nukta za mtu usiyemsikia. Zima AGC, punguza ukuzaji wa mawimbi ya redio kwa mkono, ongeza sauti.

---

Mita_Arobaini aliuliza tena:

Asanteni sana wakuu. Hesabu ya moja toa mbili imenifungua macho. Nitajenga hatua mbili na poliesta, 650 Hz. Bado swali la 3 la 30 Hz. Na hivi kweli filta inaongeza kiasi gani kwa stesheni iliyo chini ya kelele?

---

Fundi_Opampu alijibu:

1M kwa R3 usiweke. Upana kweli utakuwa 32 Hz kwenye karatasi. Lakini ili kilele kibaki 700 lazima R2 ishuke hadi kama ohmu 520, na opampu inatakiwa iwe na akiba ya ukuzaji iliyo mbali juu ya 2Q². Q (masafa ya kilele gawanya kwa upana) hapo ni 22, 2Q² ni 968. TL072 ina 3 MHz za ukuzaji kwa upana, kwa hiyo penye 700 Hz imebaki na kama 4,300 tu, mara nne na kidogo ya kinachohitajika. Kilele kinashuka chini ya hesabu na ukali haufiki. LM358 itakuwa mbaya zaidi, na ina kasoro ya kukwaruza mawimbi madogo yanapovuka katikati. Ukitaka nyembamba, ongeza hatua za Q ndogo.

Ila jiulize kwanza kama unaitaka. Nukta moja ni millisekunde 1,200 gawanya kwa maneno kwa dakika. Kwa 12 ni millisekunde 100, kwa 20 ni 60, kwa 25 ni 48. Hatua moja ya 30 Hz inahitaji kama millisekunde 23 kupanda kutoka asilimia 10 hadi 90, na 23 nyingine kushuka. Kwa maneno 25, karibu nusu ya nafasi kati ya nukta mbili imejazwa na mkia wa nukta iliyotangulia. Nukta na kistari zinashikana, herufi H na 5 hazitofautiki. Kwa maneno 12 bado unasoma vizuri. Hatua zako mbili za 96 Hz zinapanda kwa kama millisekunde 11. Kwa maneno 25 hazikuzuii.

Na kuna oskileta yako. Ikitembea 30 Hz kwa dakika, jambo la kawaida kwa koili na kapasita bila boksi, stesheni inatoka kilimani ukiwa katikati ya kunakili.

Kiasi gani inaongeza? Kelele inayopita hatua moja ya 96 Hz ni sawa na upana wa 152 Hz, kwa sababu miteremko yake ni laini. Hatua mbili ni sawa na 76 Hz. Kutoka filta ya 500 Hz, hatua moja inakupa desibeli 5, mbili zinakupa 8. Kutoka upana wa sauti ya mazungumzo, 2,400 Hz, hatua mbili ni desibeli 15. Hizo ni za mita. Sikio lenyewe lina filta yake, penye 700 Hz ni kama 100 Hz kwa upana, na mnakili mzoefu anaitumia bila kujua. Kwa hiyo usitarajie desibeli 15 za kusomeka. Unachopata kwa hakika ni kwamba kelele za pembeni na stesheni jirani hazichoshi tena, na hapo ndipo sauti ghafi iliyochanganywa inapata thamani: sikio linaendelea kusikia usuli wa kawaida na mlio unasimama juu yake, badala ya kila kitu kugeuka mlio mmoja wa chupa inayopulizwa.

---

Radi_na_Mvua alijibu:

Hakuna aliyetaja radi, na kwa mita 40 jioni za masika hilo ndilo adui la kwanza kabla ya stesheni jirani.

Mlipuko wa radi ni pigo fupi lenye masafa yote. Filta nyembamba ukiipiga hivyo inaitika kama kengele: "ting" ya 650 Hz, mlio uleule wa Morse. Nukta za uongo zinamwagika katikati ya herufi. Kadiri upana unavyopungua, ting inarefuka. Ndiyo maana kuna usiku ambao filta inafanya kunakili kuwa kugumu zaidi, na mtu anadhani amejenga vibaya.

Kata pigo KABLA ya filta. Dayodi mbili 1N4148, moja imegeuzwa dhidi ya mwenzake, kutoka kwenye njia ya sauti kwenda ardhini, baada ya rezista ya 4.7k na kapasita ya kutenga. Zinazuia kila kitu kinachozidi volti 0.6 kila upande. Zikate kabla, maana ukataji unazaa vizidisho vya masafa, na filta iliyo nyuma yake inavisafisha. Ukiziweka baada ya filta, au kwenye hedifoni kama wengi wafanyavyo, masikio yanapona lakini ting imeshazaliwa.

Hapa kiwango cha sauti ndicho kila kitu. Mlio wa kawaida mlangoni mwa filta uwe volti 0.1 hadi 0.2 kutoka kilele hadi kilele. Hapo radi inakatwa kwenye volti 1.2, na baada ya ukuzaji wa 4 toleo linaweza kufika volti 5 hadi 6, bado ndani ya uwezo wa TL072 kwenye volti 12. Transista yako moja baada ya SA612 pengine haifiki kiwango hicho. Kama sauti mlangoni ni millivolti chache, dayodi hazitafanya kazi hata siku moja, zimekaa kama pambo.

---

Fundi_Opampu alijibu:

Mkuu wa radi kasema jambo zito kuhusu kiwango, niliongezee. Penye kilele, kelele ya opampu yenyewe inakuzwa mara 1 + 2Q², hapa kama 106. Nanovolti 18 za TL072 zinakuwa karibu mikrovolti 2 kwa kila mzizi wa Hz kwenye toleo, na kwa kuwa inakuzwa penye kilele tu, inasikika kama kelele yenye mlio wa Morse ndani yake. Watu wanaifukuza wakidhani ni bendi.

Kipimo: chomoa sauti, unganisha mlango wa R1 na ardhi, fungua poti ya sauti mahali unapoiwekaga ukisikiliza stesheni dhaifu. Kukiwa kimya, uko salama. Ukisikia ule mvumo wa chupa, ongeza desibeli 20 kabla ya filta na upunguze baada yake. Kwenye LM386 hiyo ina maana ya kutoa kapasita ya µF 10 kati ya mguu 1 na 8: ukuzaji unashuka kutoka 200 hadi 20. Inaondoa na ile tabia yake ya kupiga puta-puta-puta kupitia waya wa umeme. Hata hivyo lishe TL072 kupitia ohmu 100 na µF 100, na LM386 iwe na ohmu 10 na nF 47 mfululizo kutoka mguu wa 5 kwenda ardhini.

Usibadilishe TL072 kwa NE5532 kwa kufuata nanovolti 5. Mkondo wake wa mlangoni, kama nanoampea 200, ukipita 330k unasogeza toleo kwa karibu volti 0.07. Hiyo inavumilika, lakini kelele ya mkondo kwenye rezista kubwa hivyo inakula faida. Ukiitaka NE5532, gawa rezista zote kwa 10 na kapasita ziwe nF 100.

---

Lehemu_Safi alijibu:

Kwa asiyetaka opampu kabisa: koili ya millihenri 88, ile ya duara iliyotumika kwenye laini za simu, sambamba na nF 680 ni 650 Hz, na nF 560 ni 717 Hz. Ilishe kupitia rezista ya 10k, na ichukulie sauti kwa hatua yenye mlango wa 100k au zaidi. Haina kelele ya opampu, haihitaji umeme, na haipindui fezi, kwa hiyo mchanganyiko na sauti ghafi unakubali mara moja. Shida yake ni kupata koili, na kuiweka mbali na transfoma ya umeme, ingawa ya duara inajificha vizuri kuliko ya fimbo.

---

Kistari_Kirefu alijibu:

Ukimaliza kujenga, usipime kwa stesheni za kawaida, zinapanda na kushuka. Kama una kipokezi kingine cha superheti kinachofika 14.100 MHz, ingiza sauti yake kwenye filta na usikilize bikoni (stesheni za kupimia anga) za NCDXF na IARU, mashirika ya redio ya ridhaa. Ziko 18 duniani, zinapokezana, kila moja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila moja inatuma jina lake kwa maneno 22 kwa dakika, halafu vistari vinne vya sekunde moja moja: cha kwanza wati 100, kisha 10, kisha 1, kisha 0.1. Kila kistari kiko desibeli 10 chini ya kilichotangulia. 5Z4B ni ya Kenya. Ukiwa karibu nayo itakuwa kali mno au itaruka juu yako, kwa hiyo tega zaidi 4S7B ya Sri Lanka na ZS6DN ya Afrika Kusini.

Tega masafa ili mlio uwe 650 kamili. Mzunguko wa kwanza poti ikiwa upande wa ghafi, andika umesikia vistari vingapi kwa kila bikoni. Mzunguko wa pili poti katikati. Wa tatu filta tupu. Rudia mara tano, maana dakika tatu zinatosha anga kubadilika. Filta iliyokaa sawa inakupa mara kwa mara kistari kimoja zaidi kwenye zile bikoni zilizo mpakani, na jina la bikoni linabaki linasomeka bila mkia. Kistari kikiongezeka lakini jina likawa uji, umebana kupita kiasi: punguza R3 za hatua zote mbili hadi 220k, ambayo ni upana wa 145 Hz kila hatua na kama 93 zikiwa pamoja. R1 nazo zishuke hadi 56k ili ukuzaji ubaki 2, na R2 ipande hadi karibu 2.9k kwa 650 Hz, yaani badilisha ile 1.2k iwe 2.2k na bisibisi ibaki palepale.